Siku ya Hidima Katika Milima ya Rungwe

Miongoni mwa desturi za makanisa ya ng'ambo zilizoota mizizi katika nchi yetu, iko hii ya kuwatuma waumini wachache, aghalabu vijana na wastaafu, kukaa juma moja au mawili katika ushirika wa mbali, wakasali pamoja na wenyeji na kuzitoa siku zao kwa hidima; na katika wilaya ya Rungwe, ambako Kanisa la Moravian lina umri wa zaidi ya karne moja, mgeni wa namna hiyo kutoka Ulaya au Marekani si kioja tena.

Wasaa wa kazi hizi ni kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, maana mvua ya Rungwe, ambayo mahali pengine hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hairuhusu tofali bichi kukauka. Baada ya ibada ya asubuhi, ukungu ungali juu ya mashamba ya chai, mgeni hukabidhiwa kwa fundi mwashi wa mahali, naye humwagiza kubeba matofali, kuchota maji au kupaka chokaa darasa la shule au chumba cha zahanati. Adhuhuri wote hula pamoja ndizi na maharage yaliyopikwa na akina mama wa ushirika. Na alasiri, wakiongozwa na wazee wa kanisa, huwazuru wagonjwa na wakongwe majumbani, ambako salamu haina haraka na huenda ikachukua muda mrefu kuliko sala yenyewe.

Hidima ya pamoja haikuletwa Rungwe na wageni. Wanyakyusa, wenyeji wake, walikuwa na desturi mashuhuri ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe na kusaidiana kulima, desturi ambayo mwanaanthropolojia Monica Wilson aliieleza kwa urefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951. Kwa hiyo wamisionari wanne wa Moravian waliotumwa kutoka Ujerumani mwaka 1891, Theodor Meyer na Theophil Richard wakiwa miongoni mwao, waliwakuta watu waliokwisha kujua thamani ya kazi ya wengi. Safari yao haikuwa ya majuma mawili: walipita Mto Zambezi na Ziwa Nyasa, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo.

Lakini uimara wa kazi ile ulidhihirika walipoondoka wenye kuianzisha. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku mwaka 1916, na Waingereza wakaitwaa Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu Langenburg, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuhamishwa. Wamisionari wa Kiskoti kutoka ng'ambo ya ziwa walisaidia kadiri walivyoweza, ila waliozibeba shirika siku kwa siku, wakifundisha, wakizika na kufariji, walikuwa walimu na wazee wenyeji, hata Wamoravian wa Ulaya wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Historia hiyo ndiyo mizani ya kuipimia siku ya hidima ya leo. Wako wanaouliza kwa insafu kwa nini nauli ya ndege ya mtu mmoja, ambayo ingemlipa fundi wa Tukuyu ujira wa miezi, itumike kumleta asiyejua kushika mwiko. Na swali hilo halistahili kupuuzwa. Jawabu ni kwamba safari hiyo ina haki pale tu ambapo wazee wa ushirika wamechagua kazi yenyewe, fundi wa mahali ndiye msimamizi na amelipwa ujira wake kamili, na mgeni amekubali kuwa msaidizi wake. Ikiwa hivyo, kijana wa ng'ambo hujifunza kwa mwalimu ambaye asingempata kwao, na ushirika hupata marafiki wa kuandikiana nao na kuombeana miaka mingi baadaye. Ikiwa kinyume, mgeni hurudi na picha, na wenyeji hubaki na ukuta wa kubomoa. Basi ushirika unaotaka kumwalika mgeni na umwite fundi wake kwanza, wakubaliane kazi na malipo, ndipo barua ya mwaliko iandikwe.