Mtoto Anapotaka Kuitwa Jukwaani

Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, watoto wetu wa Mbagala, Tandika, Mtoni na Keko huanza kuhesabu siku za kwenda Sabasaba. Wenzao wa Tegeta, Kawe na Mwananyamala husubiri zamu yao ya kupelekwa Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kutazama ngoma, au kwenye bustani za michezo zilizojengwa Kunduchi na Kigamboni. Popote waendapo, lipo jambo moja ambalo mtoto hulikumbuka kuliko soda na aiskrimu. Mshereheshaji au mcheza mazingaombwe husimama mbele ya watu na kuuliza, "Nani atakuja kunisaidia?" Mikono mingi hunyanyuka. Wanaitwa wawili au watatu. Waliobaki hurudi kukaa, na wengine hulia njia nzima ndani ya daladala.

Wazazi hutuuliza kliniki kama ipo njia ya kumsaidia mtoto aitwe. Njia ipo, ingawa hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi. Tumeona tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa afya kwa sababu mambo yanayomwezesha mtoto kusimama mbele ya watu ndiyo hayo hayo yanayomsaidia anapougua, anapopotea sokoni, au anapoguswa vibaya na mtu mzima.

Anatafutwa mtoto wa namna gani?

Jiweke mahali pa mshereheshaji. Ana dakika chache, watu wanamtazama, na akimwita mtoto atakayeangua kilio, mchezo umeharibika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza swali huwa ameshaanza kuwatazama watoto. Hutafuta anayefuatilia mchezo, anayeitikia anapoambiwa aitikie, anayepiga makofi pamoja na wenzake na anayemtazama usoni bila hofu. Mtoto anayerukaruka na kupiga kelele kabla ya kuulizwa humtia wasiwasi. Vivyo hivyo mtoto anayesukumwa mgongoni na mama yake huku amejificha ndani ya kanga.

Nchi nyingine nazo zina mambo haya. Katika bustani ya Disneyland, California, kuanzia mwaka 2006 palikuwa na mchezo wa kuwafundisha watoto kupigana kwa panga za bandia kama katika sinema za Star Wars. Hapo mwanzo watoto waliteuliwa miongoni mwa waliokuwa wakitazama. Baadaye ikawa lazima mzazi amwandikishe mtoto mapema siku hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe awepo. Mchezo huo haupo tena, lakini fundisho lake linatufaa hata sisi: fika mapema na uulize utaratibu. Mara nyingi mwenye jukwaa atakueleza mchezo wa watoto unaanza saa ngapi, unawafaa watoto wa umri gani na watoto hukaa upande upi.

Mazoezi huanzia nyumbani

Wazee wetu walikuwa na shule ya jambo hili, nayo haikuwa na ada. Msimulizi alisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!" Mtoto alijifunza kusikiliza, kungoja zamu yake na kutoa sauti mbele ya wengine. Ukuti ukuti, kombolela na rede zilimfundisha kuingia katikati ya duara na kutoka bila aibu. Leo jioni nyingi zinamezwa na televisheni na simu, ambako mtoto hutazama tu na hakuna anayemngojea aitikie. Tunashauri familia irudishe walau jioni mbili kwa juma za hadithi na vitendawili, na kila mtoto apewe zamu, hata yule mdogo.

Halafu mfundishe kila mtoto aliyefikia umri wa miaka minne au mitano kusema maneno haya kwa sauti, akimtazama mtu: "Naitwa fulani. Baba yangu anaitwa fulani, mama yangu anaitwa fulani. Tunakaa Mbagala Kizuiani." Anayekaa Manzese au Tegeta ataje kwao. Hilo ndilo swali la kwanza la jukwaani: unaitwa nani na unatoka wapi? Ni swali la kwanza pia la askari au msamaria mwema atakapomwokota mtoto aliyepotea kwenye umati wa Sabasaba. Wako watoto wanaofahamu jina la baba kuwa "Baba" na la mama kuwa "Mama Asha" basi. Majina hayo hayawezi kumrudisha mtoto nyumbani.

Zoezi la tatu mnaweza kulifanya hospitalini. Mtoto wa miaka saba au minane akiulizwa na muuguzi, "Unaumwa wapi?", mwacheni ajibu mwenyewe. Mara nyingi mama hujibu upesi, mtoto akabaki ameinama. Mama ataongeza yake baadaye, lakini mtoto ndiye anayejua kama tumbo linauma juu au chini, na kama linaanza kabla ya kula au baada ya kula.

Hapa kwetu wako waliolifanyia kazi jambo la kuwapa watoto sauti kwa njia ya michezo ya jukwaani. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari walitumia maigizo kueleza matatizo yanayowazuia kusoma. Wasichana hao hawakupandishwa jukwaani kwa ajili ya kuchekesha watu. Walipandishwa ili waseme, na watu wazima wasikilize. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake.

Siku yenyewe

1. Alale mapema usiku wa kuamkia safari, na asubuhi apate chakula cha kushiba. Uji wa maziwa, mihogo au viazi na chai vinatosha. Mtoto mwenye njaa hulegea, hata kama kwa kawaida ni mchangamfu.

2. Beba maji safi ya kunywa kutoka nyumbani, na kofia. Julai Dar es Salaam ina upepo, lakini jua la saa sita bado ni kali.

3. Mvike nguo nyepesi ya rangi inayoonekana kwa mbali, kama njano au nyekundu. Itamsaidia mshereheshaji kumwona, na itakusaidia wewe zaidi akipotea. Viatu vifungwe. Kandambili huteleza kwenye ngazi za jukwaa.

4. Mpeleke msalani kabla mchezo haujaanza. Watoto wengi hukataa kupanda jukwaani kwa sababu hiyo tu, wakaona haya kusema.

5. Mketi mbele au pembeni mwa njia, ambapo mtoto anaweza kutoka bila kuwaruka watu. Siku za kazi na saa za asubuhi watu huwa wachache kuliko jioni ya Jumamosi au siku ya Saba Saba yenyewe.

6. Mwambie anyooshe mkono mmoja, aunyooshe sawasawa, atabasamu na amtazame anayeuliza. Asiite "mimi, mimi" mpaka aambiwe.

7. Mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi na uitie mfukoni mwake, au iandike mkononi kwa kalamu. Onyeshaneni pia mahali pa kukutana mkipoteana.

Mtoto ambaye haitikii kamwe

Hapa tunaomba wazazi watusikilize vizuri. Wako watoto ambao kila mara huachwa, shuleni na michezoni, nao huitwa wazito, wakaidi au mazuzu. Tulipata kumpima msichana wa darasa la pili aliyeletwa kwa sababu ya homa. Mama yake alisema kwa kupita tu kwamba mtoto huyo "hajali akiitwa." Masikio yote mawili yalikuwa yanatoa usaha, na yalikuwa hivyo kwa miezi mingi. Hakuwa mkaidi. Sauti ya mwalimu ilimfikia nusu nusu, na wenzake walipocheka yeye hakujua wanacheka nini.

Unaweza kumjaribu mtoto nyumbani. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Nong'ona neno rahisi kama "ndizi" au "gari" na umwombe alirudie. Rudia kwa maneno mengine, sikio moja moja, huku jingine likizibwa kwa kidole. Akishindwa mara kwa mara, mlete hospitali. Sikio linalotoa usaha likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba, na mtoto apelekwe kwa mganga. Usitie mafuta ya taa, mafuta ya kupikia wala maji ya majani. Mtoto huyo asiogelee wala asipelekwe kwenye michezo ya maji mpaka mganga aruhusu. Wenye matatizo makubwa ya kusikia wasikatiwe tamaa. Tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia baadhi ya watoto vifaa vya kusikia, na matokeo huwa mazuri zaidi mtoto akifikishwa mapema.

Macho nayo yachunguzwe. Mtoto anayekunja uso kutazama jukwaa, au anayeketi karibu mno na televisheni, pengine anahitaji miwani. Naye mtoto anayechoka upesi na mwenye viganja vyeupe huenda amepungukiwa damu.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, usisubiri bahati. Nenda kwa mshereheshaji kabla ya mchezo, umweleze kwa adabu: "Mwanangu anatembea kwa magongo, angependa kushiriki." Wengi hukubali kwa furaha, wakapanga njia ya kumpandisha. Mtoto afichwaye nyumbani hawezi kuitwa na mtu yeyote.

Tahadhari kwa wenye magonjwa

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, asikae kwenye maji ya baridi, na akitoka majini akaushwe na kuvikwa nguo kavu mara moja. Baridi, kiu na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, maana vumbi na moshi wa jukwaani huweza kumbana kifua. Mwenye kifafa asikose dozi yake siku hiyo. Baadhi yao, si wote, hudhurika na taa zinazowaka na kuzimika harakaharaka, na hao wakae mbali na taa hizo.

Mtoto wa miaka mitatu au minne akiogopa kinyago au ngoma kubwa, msimlazimishe. Hofu hiyo ni ya kawaida kwa umri wake, na ikiachwa bila dhihaka hupungua yenyewe. Mcheza mazingaombwe akitaka mtoto ameze kitu, ashike moto au afungwe macho karibu na visu, mzazi ana haki ya kusimama na kusema hapana.

Jukwaani, si nyuma ya jukwaa

Mtoto aitwe mbele ya watu, na arudi mbele ya watu. Mtu akisema, "Mtoto huyu ana kipaji, niachie nimpeleke ofisini," au akataka picha zake, namba yake ya simu au fedha za kumwandikisha, mzazi aende naye mwenyewe au akatae. Mfundishe mtoto kwamba hakuna mshereheshaji, mjomba, mwalimu wala jirani mwenye ruhusa ya kumgusa sehemu za siri au kumwambia afiche siri kwa wazazi. Likitokea jambo, mtoto asipigwe wala asilaumiwe. Piga simu 116, ambayo ni ya huduma kwa watoto na haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hospitali ifikiwe siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajaogeshwa, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizo ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72.

Asipoitwa

Fanyeni hesabu pamoja kabla ya kuondoka nyumbani. Tuseme wako watoto 200 na nafasi ni nne. Watoto 196 watarudi bila kuitwa, na karibu wote walinyoosha mkono vizuri. Mtoto akiielewa hesabu hiyo mapema, haoni kwamba amekataliwa kwa sababu ya ubaya wake. Mzazi naye asiseme, "Umezubaa, mwenzio kaitwa." Wala asimlinganishe na ndugu yake. Muulize alipenda nini, na akifika nyumbani aigize mchezo ule mbele ya bibi na wadogo zake. Hapo atakuwa yeye mshereheshaji, na kila mdogo wake ataitwa.

Kwa hiyo kabla ya Sabasaba ijayo, jaribuni masikio ya watoto kwa kunong'ona kama tulivyoeleza, na wasikilizeni wakitaja majina yao, ya wazazi wao na ya mtaa wao. Mwenye shaka juu ya masikio au macho ya mtoto amlete kliniki mapema, akiwa na kadi yake, ili apatiwe nafuu kabla ya siku za maonyesho.