Daktari, Imani Yake na Uzazi wa Mpango

Mwanamke aliyejifungua mara tatu kwa kupasuliwa, akaonywa kuwa mimba ya nne yaweza kumhatarisha, aingia zahanati kuomba njia ya kupumzisha uzazi. Amkutaye pale haioni halali kazi hiyo. Amwambie nini? Wenye kutuuliza swali hili si akina mama peke yao, bali wauguzi na madaktari wetu pia, wachao kubeba dhambi ya mwengine.

Kwanza tuipe imani ya daktari haki yake. Mas'ala haya hayakuanza na vidonge na sindano. Yalianza na azli, yaani mume kumwaga nje. Jabir bin Abdillahi (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa Masahaba wakifanya hivyo ilhali Qur'ani ingali ikiteremka; na katika riwaya ya Muslim, habari ilimfikia Mtume (s.a.w.) asiwakataze. Lakini Muslim huyo huyo amepokea kwa Judama binti Wahb hadithi inayolifananisha tendo hilo na kumzika mtoto hai kwa siri, na Ibn Hazm wa Andalusia akaliharamisha. Imam Nawawi, ambaye Minhaji yake husomeshwa katika darasa zetu za Kishafii, aliliona makruhu. Imam Ghazali, Mshafii vilevile, alilijuzisha, na katika sababu alizozikubali ni kumlinda mke na hatari ya uzazi.

Basi daktari anayesita hakuzua jambo. Ila asisite kuliko alivyosita Nawawi, maana makruhu si haramu. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilijuzisha kuzuia mimba kwa muda panapo haja, mume na mke wakishauriana na kuridhiana, pasiwe na madhara na njia yenyewe iwe halali.

Nchini Marekani, Dkt. Farr Curlin na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa madaktari 1,144 kuhusu matibabu yanayopingwa kidini. Asilimia 86 walisema daktari alazimika kumweleza mgonjwa njia zote, hata asizoziridhia yeye. Waliosema ni wajibu kumwelekeza kwa daktari asiye na pingamizi walikuwa asilimia 71. Waliobaki ni wachache, lakini nao wana wagonjwa, na mgonjwa hajui amemwangukia yupi.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 yahifadhi pande zote mbili: Kifungu cha 32 chalinda dhamiri na dini, na cha 43 chatoa haki ya matibabu, afya ya uzazi ikiwemo. Kwa rai yangu, kukataa ni haki ya daktari. Kuficha ni khiyana. Kusema dawa imekwisha nayo imo kabatini, kumwambia mama arudi wiki ijayo kila wiki, kumtisha kuwa vidonge vitamfanya tasa: huo ni uwongo uliovishwa kanzu. Asiyetaka na aseme kwa upole, kisha amwonyeshe mama mlango wa pili siku hiyo hiyo.

Wako wasemao kumwelekeza ni kushiriki dhambi. Hoja hiyo ingesimama lau jambo lingekuwa na ijmai. Lenye ikhtilafu ya wanavyuoni halikemewi hivyo. Tena mahali pana uzito wake. Mombasa mlango wa pili huenda uko barabara ya pili. Katika visiwa vya Lamu huenda ukahitaji mashua na nauli, na mama ana mtoto mgongoni.

Kufunga kizazi moja kwa moja ni mlango mwengine. Baraza lile lilikataza, kwa mume na kwa mke, ila panapo dharura kwa vipimo vya sheria. Na dharura hiyo sheikh haioni kwa macho yake. Hujua kovu la mama limekonda kwa kuambiwa na daktari. Kwa hivyo anayekuja kutaka fatwa ya jambo hili na aje na mumewe, pamoja na maelezo ya daktari yaliyoandikwa: ni hatari gani, ya kiasi gani, na kama njia ya muda haitoshi.