Detekta Ikizimika, Usikimbilie Kuifungua: Fuata Kwanza Njia ya Umeme

Ndugu wachimbaji, na wewe mama mwenye kungojea ku nyumba, leo tunazungumuza juu ya mashini ya kutafutia zahabu: detekta. Mara mingi inanunuliwa na feza ya watu mingi wenye kuchanga. Kwa hiyo siku inakataa kuwaka, maneno inaanza. Fulani aliiangusha, fulani aliazimisha, tuiuze, tuifungue. Timu inavunjika, na pengine mashini iko muzima.

Kama detekta haiwaki, inazimika njiani ao inalia ovyo, musianze na bisibisi. Mara mingi ugonjwa hauko ndani ya kichwa ya mashini. Uko njiani mwa umeme: ku pile, ku springi, ku kable ao ku sharjeri. Vitu vile mutu anaweza kuviangalia yeye mwenyewe, bila kulipa mutu.

Kwanza, jua mashini yako inakula nini. Zile ndogo, kama Garrett ACE ya Marekani, zilitengenezwa kwa watu wenye kutafuta sarafu na pete siku za kupumzika. Zinatumia pile 4 ndogo, zile tunatia mu tochi na mu radio. Zile kubwa za zahabu, kama GPX 5000 ya Minelab ya Australia, ziko na batri ya litium ya volti 7,4 yenye kubebwa ku mugongo, na kable ndiyo inaleta umeme ku mashini. Dawa ya moja siyo dawa ya ingine.

Pile moja mubaya inaharibu zote

Mu detekta ndogo, pile zimefuatana sawa watu wenye kupokezana beseni ya udongo. Mumoja akichoka, kazi yote inasimama. Kwa hiyo usichange pile ya leo na ile ya mwezi uliopita, wala usichange aina mbili. Uzitoshe zote, uangalie alama ya + na ya −, kisha utie 4 mupya za aina moja. Ni jaribio ya kwanza, na ni ya bei kidogo kuliko zote.

Kama fundi wa simu iko karibu, umuombe apime na multimetre yake. Pile ya alkalini ikiwa mupya inaonyesha volti 1,5 ao kupita kidogo. 4 pamoja zinafanya 6. Ile ya kusharji, ya nikeli, kawaida yake ni 1,2. 4 zinafanya 4,8. Usishangae basi kama alama ya batri inaonyesha kidogo hata umetoka kuzisharji. Na ujue hii: pile ya kuchoka inaweza kuonyesha namba ya muzuri juu ya meza, kisha ianguke mara moja ikianza kazi. Ukiweza, pima wakati mashini inawaka.

Wengine wanaanika pile ku jua. Jua inaiamsha kidogo tu, kisha inalala tena. Na pile yenye kutiwa ku moto inaweza kupasuka. Wamama, muichunge mbali na mbabula na mbali na watoto.

Unga mweupe na springi ya kulegea

Fungua fasi ya pile. Ukiona unga mweupe ao wa kijani ku vyuma, pile ilitapika. Usiguse unga ule kisha ujipanguze macho. Chovya kitambaa kidogo mu maji ya ndimu ao siki, panguza chuma, kisha panguza tena na alkoli, na uache ikauke kabisa mbele ya kurudisha pile. Kama kunabaki weusi, gome ya kufutia ya mwanafunzi inatosha.

Springi yenye kulala, uivute polepole na kidole. Ile desturi ya kutia karatasi ya paketi ya sigara chini ya pile, tuiache. Karatasi ile ikitoka fasi yake inaunganisha umeme fasi haifai, na mashini inaungua kweli.

Ikizimika wakati unatembea

Mashini yenye kuwaka muzuri wakati umesimama, lakini inazimika ukitembea, mara mingi inalia juu ya kable ao springi. Simama, weka sahani chini bila kuitikisa, kisha chezesha kable ya batri polepole, zaidi fasi inaingia mu mashini. Ikizimika, umepata. Kama haizimiki lakini inalia, kaza kable ya sahani. Ujaribu vilevile bila kaske. Pengine mashini iko inaimba na kaske ndiyo imekufa.

Ukiwa na rafiki mwenye mashini ya aina ileile, azima batri yake kwa dakika chache. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu pamoja, itawaka lakini hautajua ni nini ilikuwa mugonjwa.

Hii haiko mambo ya kuchezea, juu mashini yenye njaa inaweza kudanganya. Zingine zinalia ovyo mbele ya kuzimika, na timu inachimba nusu siku shimo ya bure. Lakini usisahau: grupe yenye kuunguruma, nguzo za umeme na simu mu mufuko nazo zinaweza kuifanya ipige kelele. Uende mbali nazo mbele ya kuhukumu batri.

Batri ya litium haina muchezo

Fasi nyingi za kuchimba hakuna umeme wa SNEL. Watu wanasharji na pano ya jua ao na grupe. Ni sawa, lakini sharjeri iwe ile ya mashini. Batri ya volti 7,4 inajaa ku 8,4. Ukiifunga moja kwa moja ku batri ya gari ao ya pikipiki ya volti 12, unatafuta moto mu nyumba.

Batri yenye kuvimba, yenye kunuka ao yenye kuchoma mukono, mambo yake imeisha. Usiitoboe, usiifunge na skoch ili iendelee. Na usisharji usiku ku kitanda, chini ya shiti, ao karibu na bidon ya mafuta. Moto wa litium unapanda mbio, na moshi wake ni sumu. Sharji muchana, juu ya jiwe ao sima, mutu akiwa macho.

Mukikaa wiki mingi bila kazi, mutoshe pile mu mashini. Batri ya litium muiache na nusu ya nguvu yake, fasi kavu ya baridi.

Mukimaliza hayo yote na mashini inakataa bado, basi ndiyo wakati wa fundi. Mumuambie mulijaribu nini na muliona nini. Atatumia saa kidogo, nanyi feza kidogo. Na ndani ya timu hakuna mutu atabeba kosa ya springi ya kulegea.