Je, Wajua? Nyongeza Iliyoibomoa Azeroth

Tarehe 7 Desemba 2010, kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa Cataclysm, nyongeza ya tatu ya gemu ya mtandaoni World of Warcraft. Mbili zilizotangulia zilileta nchi mpya kando. Hii iligeuza ulimwengu wa gemu yenyewe, Azeroth ileile ambayo wachezaji waliizoea tangu 2004. Joka Deathwing aliibuka kutoka chini ya ardhi, nyika ya Barrens ikapasuka vipande viwili, na korongo kavu la Thousand Needles likafurika hadi watu wakapita kwa mashua walipozoea kupita kwa miguu. Nakala milioni 3.3 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza.

Hata hivyo, naamini kitu kikubwa kilipotea. Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba kazi za zamani walizopewa wachezaji zilichosha: mchezaji mgeni alizungushwa huku na huko bila hadithi ya kueleweka, na Cataclysm ikazinyoosha. Pia kupungua kwa waliojiandikisha, kutoka zaidi ya milioni 12 Oktoba 2010 hadi milioni 10.3 mwaka uliofuata, hakukuwa na sababu moja tu. Kwa mfano, mapambano ya mapangoni yalikuwa magumu na yaliwashinda wengi. Lakini nchi ya zamani ilifutwa kwa kila mtu, hata kwa asiyenunua nyongeza, na njia ya kurudi haikuachwa. Wapenzi wake wakaifuata kwenye seva zisizo rasmi kwa miaka, mpaka Agosti 2019 Blizzard yenyewe ilipoirudisha kwa jina la WoW Classic.