Mali kauli na kichwa kinachosahau

Biashara ya Mlandege, Zanzibar, iwe ya vitambaa, viatu au simu, inakwenda kwa kuaminiana. Wa jumla humpa mwenzake mali kauli, alipe akishauza. Mwenye duka akenda kusali adhuhuri, jirani humuuzia. Deni dogo la mteja wa siku nyingi wala halifiki daftarini. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 akianza kusahau, imani huvunjika kabla ya hesabu. Bei aliyoitaja asubuhi anaikana jioni. Fedha za jirani kazitia mtoto wa meza, akiulizwa anaapa hajazipokea. Hapo hakuna anayefikiria maradhi. Watasema kabadilika, na wenye ndimi kali watasema mwizi.

Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walieleza mwaka 1985 kwamba watu walio karibu hugawana kumbukumbu: huyu anajua bei, yule anawajua wateja, na kila mmoja anajua amuulize nani. Duka ni hivyo hivyo. Akipungukiwa mmoja, wote wanapungukiwa. Na wenzake wa kazi huweza kuligundua tatizo hata kabla ya watu wa nyumbani, maana kazini kichwa kinapimwa kila saa.

Je, ni umri tu? Kwa kiasi. Utafiti wa Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali jijini London na kutoa matokeo mwaka 2012, ulionesha kwamba uwezo wa kukumbuka na kufikiri unaanza kupungua hata kwa wenye miaka 45 hadi 49. Lakini kupungua huko ni kwa taratibu: jina la mteja linachelewa, kisha linakuja. Anayesahau mazungumzo mazima ya jana, au anayekwama kwenye chenji ya kila siku, huyo apimwe.

Na mara nyingi kinachopatikana kinatibika. Usingizi mbovu, sonona, tezi ya shingo iliyozembea, upungufu wa damu. Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, ambazo watu hujinunulia wenyewe, nazo hutia ukungu kichwani. Mwenye kisukari aliyetumia metformin kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hulalamika sana kuhusu kusahau, na wengi wao hali huwatengenea baadaye. Mtaani husemwa "ana mawazo mengi huyo", na kwa kweli wanaosema hivyo hawako mbali na daktari.

Wapo wachache wanaopata maradhi yenyewe ya ubongo mapema. Auguste Deter, mgonjwa aliyempa Alois Alzheimer jina katika historia ya tiba, alikuwa na miaka 51 alipolazwa Frankfurt mwaka 1901. Jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza akili yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari na kupungua kwa usikivu. Hili la masikio lisidharauliwe: katika makelele ya Mlandege wiki ya kuelekea Idi, wengine wanaoambiwa wamesahau hawakusikia tangu mwanzo.

Sasa nani amwambie? Kijana wa dukani hawezi kumkabili mzee wake, na asilazimishwe; afikishe kwa rika la mzee huyo. Huyo wa rika lake amwite pembeni, si mbele ya wateja, na ataje tukio: "Bwana, Jumatatu ulinipa bei hii, Jumanne ukanipa nyengine." Maneno ya jumla humfanya mtu ajitetee. Mali kauli iandikwe, pande zote mbili zitie saini, na iwe sheria ya duka zima ili asionekane anayelengwa. Msimnyang'anye funguo kabla hajapimwa presha, sukari na damu.

Ila usahaulifu ukianza ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi. Mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja saa hiyo hiyo.