Wakili, Mbunge, Kisha Jaji: Safari ya Njoki Ndung'u na Sheria Yenye Inaweza Kukufunga Miaka 15

Msee wa Eldy, kama unasomea sheria pale Annex na mathe amekuuliza mara ya kumi hiyo digrii itakupeleka wapi, muonyeshe hii stori. Na kama hujawahi kukanyaga darasa la sheria, bado soma, juu kuna kifungu hapa kinakuhusu kuliko unavyodhani.

Susanna Njoki Ndung'u alianza kama wakili. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongeza digrii ya pili ya haki za binadamu Leicester, Uingereza. Akafanya kazi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kabla siasa haijamvuta.

Mjengoni

NARC iliposhinda uchaguzi wa 2002, aliteuliwa mbunge. Cheki hesabu: wabunge 222, wanawake hawakufika hata 20. Kesi za ubakaji zilikuwa zinaenda na sheria ya adhabu ya enzi za mkoloni. Kifungo hakikuwa na kiwango cha chini, so mtu angeharibia mtoto maisha na atoke baada ya miaka michache tu. Njoki akaleta mswada wa makosa ya ngono.

Mjengo ukawaka. Mheshimiwa mmoja alisimama akadai wanawake wa Kiafrika husema hapana hata kama wanataka. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Ndio upite, mswada ulikatwakatwa: ubakaji ndani ya ndoa ukatolewa, na pakawekwa adhabu kali kwa anayetoa madai ya uongo, kifungu ambacho kilikuja kufutwa baadaye. Mwaka wa 2006 ukawa sheria.

Katiba, alafu korti

Baadaye alikuwa kwa Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba ya 2010. Katiba hiyo ndiyo ilizaa Mahakama ya Juu, na 2011 Njoki akawa mmoja wa majaji wake saba wa kwanza. Hakuwa amepitia ujaji kwingine. Inawezekanaje? Katiba inadai uzoefu wa miaka 15, na miaka ya uwakili inahesabika. Unaomba kazi, Tume ya Huduma za Mahakama inakuhoji, Rais anakuteua.

2017 majaji wanne walipofuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, yeye na Jackton Ojwang walikataa, kila mmoja akaandika sababu zake. Hapo ndio tofauti ya kazi hizi mbili iko. Mjengoni unapiga kura na unaenda zako. Kortini lazima ueleze kwa maandishi kwa nini, hata kama umeshindwa.

Sasa, wewe unaingilia wapi?

Kwa hiyo sheria ya 2006, mtu yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hawezi kukubali ngono. Akiwa na miaka 16 au 17, kifungo ni miaka 15 kuenda juu. Kati ya 12 na 15, ni miaka 20 kuenda juu. Miaka 11 kushuka, ni maisha.

Kwa hivyo chali wa miaka 19 akiwa na dem wa 17, kuambia hakimu "tulikuwa tunapendana" haisaidii. Utetezi upo, lakini ni mwembamba: lazima uonyeshe alikudanganya umri na kwamba ulikuwa na sababu ya maana ya kumuamini. Korti itakuuliza ulifanya nini kuhakikisha.

Kuna waliojaribu kulegeza. Mahakama ya Rufaa ilipunguzia jamaa mmoja kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha 20, ikisema kupanga viwango hivyo ni kazi ya Bunge. Kwa hivyo ukiona sheria ni kali sana, ama bado ni laini, mlango wa kubisha ni wa mbunge wako.

Na kama ni wewe ama beshte yako amefanyiwa unyama: usioge, usifue nguo, enda hospitali ndani ya saa 72 ndio upate dawa za kuzuia HIV. Hapa Eldy, MTRH iko. Kisha ripoti kwa polisi.