Paka wa Nyumba na Mbu wa Dirishani

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Nilipokuwa mtoto hapa Lamu niliifahamu methali hii kwa maana yake ya juu juu tu, kwamba paka akiingia jikoni usimfukuze kwa fimbo. Mwaka huu, ndugu msomaji, nimeifahamu kwa maana nyingine, na aliyenifunza si mwalimu wala shehe. Ni mbu.

Nyumbani kwetu tuna paka jike, jina lake Kidoti. Kabla yake tulikuwa na dume, Shamsi, ambaye kutwa alikuwa gatini akiwangoja wavuvi. Siku zake za mwisho alikuwa akikohoa na kutweta, nasi tukisema amekwamwa na mwiba wa samaki. Alfajiri moja tukamkuta amekufa kizingitini. Kilichomwua hakikujulikana, wala simsingizii mdudu yeyote. Lakini binti yetu Salma alilia siku tatu, akaapa kuwa Kidoti hatatoka nje kamwe. Tangu siku ile mlango umefungwa.

Basi nilipompeleka Kidoti kuchanjwa kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo aliniuliza kama nampa dawa ya kuzuia minyoo ya moyo. Nikacheka. "Daktari, paka huyu yuko utawani. Hata barazani hafiki."

"Na mbu je?" akauliza. "Nao hawaingii ndani?"

Kicheko kikanikauka. Nyumba zetu za mawe zina madirisha yasiyo vioo, zina kiwanda kilicho wazi juu, na zina birika la maji chooni. Mbu haombi hodi.

Daktari akanieleza kwa utaratibu. Mnyoo wa moyo huletwa na mbu, hauletwi na chakula wala uchafu. Mbu akimnyonya mbwa aliye nao, humeza vitoto vya mnyoo visivyoonekana kwa macho. Penye joto kama letu, vitoto hivyo hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mnyama mwingine anayeumwa na mbu yule. Baada ya miezi mitatu au minne hufika katika mishipa ya mapafu. Mbwa aweza kuwa na minyoo makumi. Paka huwa na mmoja, miwili au mitatu tu, lakini kwake hata mmoja ni balaa. Hukohoa, hutweta kama mwenye pumu, hutapika, na mwingine hufa ghafula bila kuonyesha dalili yoyote.

Nilirudi nyumbani na habari hizo. Mama Salma alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Salma, watu hawana dawa, wewe wataka kumnunulia paka mzima dawa kila mwezi?"

Neno lake lilikuwa na uzito, nami sikulipuuza. Mji wetu hauna mbwa wengi, na mbwa ndiye hasa hazina ya mnyoo huu. Hatari ya paka wa Lamu huenda si sawa na ya paka anayeishi penye mbwa kila ua. Lakini mnyoo huu umekwisha kupatikana kwa mbwa hapa Kenya. Na kwamba mbu wa kwetu huwauma paka, hilo halihitaji kubishaniwa. Mwaka 1958 watafiti Buckley, Nelson na Heisch walitoa maelezo ya mnyoo mwingine, wa jamii ya ule wa matende, uliopatikana kwa paka na mbwa wa kisiwa cha Pate, jirani zetu hapa. Mnyoo huo nao huenezwa na mbu, na leo unaitwa Brugia patei, kwa jina la kisiwa chenyewe. Ama kuhusu paka wa ndani, uchunguzi uliofanywa North Carolina, Marekani, ulionyesha kuwa kiasi cha robo ya paka waliopatikana na mnyoo wa moyo walikuwa hawatoki nje, kwa kauli ya wenyewe.

Lililonielemea zaidi ni hili: mbwa akishapatwa, ziko sindano za kuua minyoo mikubwa. Kwa paka sindano hizo ni hatari, na madaktari hawazishauri. Hupewa dawa za kutuliza mapafu, kisha husubiriwa mnyoo ufe wenyewe, miaka miwili au mitatu, na kufa kwake huko kwaweza kumwua paka pia. Penye tiba, mtu aweza kubahatisha. Pasipo tiba, kinga ndiyo yote.

Nikamwuliza mke wangu, "Mwaka 2018, walipokuja na vidonge vya matende, ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Mbona ulimeza?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Kimoja katika vidonge vile kilikuwa ivermectin, na dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo mno, ni miongoni mwa zile zinazomkinga paka na mnyoo wa moyo. Sote twajua wahenga walisema nini juu ya kudharau mwiba: mguu huota tende.

Yako na maneno ya dini. Nani kati yetu hajasikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka? Alimfunga, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Kidoti hakujifunga mwenyewe. Sisi ndio tuliofunga mlango, na dhamana yake i juu yetu.

Basi tumeamua. Kila mwezi Kidoti hutiwa tone la dawa shingoni, nyuma, asipoweza kulamba. Dawa hiyo huua vitoto vilivyoingia mwezi uliopita, kabla havijafika mapafuni. Baridi ya chini ya digrii 14 huzuia vitoto hivyo kukua ndani ya mbu, lakini Lamu haina baridi hiyo, kwa hiyo hatuna mwezi wa kupumzika. Daktari alitupa maonyo mawili, nami nayapitisha kwenu. Msimkatie paka kidonge cha binadamu au cha ng'ombe, kwani kipimo chake ni kidogo mno. Wala msimpake dawa ya mbwa yenye permethrin, kwani hiyo kwa paka ni sumu.

Na birika nalo tumelirudishia samaki wadogo, kama walivyofanya bibi zetu, wale viluwiluwi vya mbu. Shida iliyobaki ni moja. Kidoti amewaona.